Alaimenti, balansi na kunyoosha: maneno matatu ya gurudumu yasiyo na maana moja

Msafiri atokaye Mto wa Mbu kwenda Ngorongoro hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha hupita Rhotia kabla ya kuingia mji wa Karatu. Barabara hiyo ni ya lami, na ndiyo ipitwayo na magari mengi ya watalii yaendayo kreta na Serengeti. Mbele ya lango la Lodoare gari hukutana na njia ya vumbi na changarawe, yenye mashimo na matuta madogo yaliyopangana kama mbavu. Gari lirudilo Rhotia jioni kutoka huko huwa limetikiswa kwa saa nyingi. Dereva akisimama kwa fundi, aghalabu husema sentensi moja: "Fundi, gari haliko sawa, nifanyie alaimenti."

Sentensi hiyo hubebeshwa malalamiko ya namna nyingi. Yuko dereva ambaye gari lake linavuta kushoto. Yuko mwingine ambaye usukani wake unatetemeka akifika mwendo fulani. Wa tatu ana tairi linalolika upande mmoja, na wa nne anaona usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Wote wanne wanasema "alaimenti", ilhali huenda ni mmoja tu kati yao anayeihitaji. Watatu waliobaki watalipa, wataondoka, na baada ya wiki mbili watarudi na tatizo lilelile, pengine na tairi lililofikia kipara. Kwa gari lililojaa abiria na linaloteremka ukingo wa Bonde la Ufa, tairi lililolika hadi nyuzi zikaonekana si hasara ya fedha peke yake.

Makala haya yanafafanua maneno yanayotumika katika kazi ya kulinganisha magurudumu: asili yake, maana yake na mipaka yake. Yanaeleza pia jinsi mwanga wa leza unavyotumika katika kazi hiyo, kwenye magari ya mashindano na kwenye magari ya kawaida.

Asili ya maneno alaimenti na leza

*Alaimenti* ni nomino ya ngeli ya I-ZI: alaimenti imeharibika, alaimenti zimeharibika. Neno limeingia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa. Shina lake la kale ni la Kilatini, *linea*, lililokuwa na maana ya uzi wa kitani. Neno *laini* tulitumialo tunaposema laini ya simu ni la ukoo huohuo. Kwa hiyo ndani ya neno alaimenti mna uzi, na kufanya alaimenti kwa asili ni kupanga vitu vifuate uzi.

Wazo hilo si geni kwa Waswahili. Mwashi anayejenga ukuta hufunga uzi kutoka pembe moja hadi nyingine ili mstari wa matofali usiende upogo. Hutundika *timazi* kuhakiki kwamba ukuta umesimama wima, na huweka *pimamaji* kuhakiki kwamba umelala sawa. Hata neno *usukani* halikuanzia kwenye gari: lina asili ya Kiarabu, na ni usukani wa chombo cha baharini, ule ubao wa nyuma unaokipa chombo mwelekeo. Fundi wa magari amerithi maneno ya fundi wa nyumba na ya nahodha.

*Leza* nayo ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Kwa asili ni kifupisho kilichoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno kadhaa ya Kiingereza yanayoeleza jinsi mwanga wa aina hiyo unavyozalishwa. Kifupisho hicho kiliandikwa na mwanafizikia Mmarekani Gordon Gould katika daftari lake mwaka 1957. Leza ya kwanza iliyofanya kazi iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Faida yake kwa fundi wa magurudumu ni rahisi kueleza. Uzi hulegea, hupeperushwa na upepo na husogea ukiguswa. Mwali wa leza haulegei wala haupeperushwi. Leza, kwa kazi hii, ni uzi wa mwanga.

Vitenzi vinne vya kutofautisha

Utata mwingi unatokana na kutumia kitenzi kimoja mahali pa vinne. Tuvitenganishe.

*Kulinganisha* magurudumu ni kurekebisha pembe zake ili kila gurudumu lielekee na kusimama inavyotakiwa, kwa kulipima dhidi ya wenzake na dhidi ya mstari wa katikati wa gari. Hiyo ndiyo alaimenti. Wapo wanaopinga kitenzi hiki kwa hoja kwamba kulinganisha ni kufananisha kitu na kingine. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa ndicho fundi afanyacho: haangalii gurudumu moja pekee, bali huliangalia kwa kulifananisha na mengine. *Mfano: Baada ya kubadilisha tairodi, ni lazima kulinganisha magurudumu.*

*Kusawazisha* magurudumu ni kurekebisha uzito, ili upande mmoja wa gurudumu usiwe mzito kuliko mwingine linapozunguka. Hiyo ndiyo balansi. Fundi hulifungua gurudumu, hulizungusha kwenye mashine na kubandika vipande vidogo vya risasi au chuma kwenye ringi. Gurudumu lisilosawazishwa hutetemesha usukani kwenye mwendo fulani, na mtetemo huo aghalabu hupungua gari likienda polepole. *Mfano: Usukani unatetemeka nikifika kilomita 80 kwa saa, nadhani magurudumu yanahitaji kusawazishwa.*

*Kunyoosha* ni kurudisha kilichopinda katika umbo lake. Ringi iliyoingia shimoni ikapinda hunyooshwa. Hailinganishwi wala haisawazishwi. Vipande vya risasi vinaweza kupunguza mtetemo wa ringi iliyopinda, lakini ringi itabaki imepinda. *Mfano: Nyoosha ringi kwanza, kisha sawazisha.*

*Kukaza* ni kuondoa ulegevu. Beringi ya gurudumu, boljointi, bushi na ncha za tairodi zikilegea, gurudumu hubadilisha pembe yake kila linapokanyaga jiwe. Kinachoweza kukazwa hukazwa, na kilichokwisha hubadilishwa. *Mfano: Kabla ya alaimenti, fundi alikaza beringi ya mbele kulia na kubadilisha bushi mbili.*

Mpangilio sahihi wa kazi hufuata maana hizo: kunyoosha na kukaza hutangulia, kusawazisha hufuata, kulinganisha huja mwisho. Atakayeanza na alaimenti kwenye gari lenye viungo vilivyolegea atapata vipimo vizuri ndani ya gereji, na vipimo hivyo vitapotea kabla gari halijafika Karatu.

Katika hotuba za gereji utasikia pia "tairi inakula upande". Msemaji anakusudia kwamba tairi linaliwa na barabara. Kwa Kiswahili fasaha kitenzi kinachofaa ni *kulika*: tairi linalika upande wa ndani. Hali kadhalika, *gari* ni la ngeli ya LI-YA, hivyo ni *gari linavuta kushoto*, ingawa *gari inavuta* husikika kila siku.

Pembe tatu za gurudumu

Alaimenti si kipimo kimoja. Ina pembe tatu kuu, na kila moja ina dalili zake. Kwa kuwa majina ya Kiingereza ya pembe hizi hutamkwa kwa namna mbalimbali katika gereji zetu, makala haya yanatumia maneno matatu ya Kiswahili yanayojieleza.

*Mwelekeo* ni pembe inayoonekana ukiliangalia gari kutoka juu. Magurudumu mawili ya mbele yanaweza kuelekea mbele sambamba, yanaweza kuangaliana kidogo mbele, au yanaweza kuachana. Waingereza waliiita pembe hii kwa neno la kidole cha mguu, nasi twaweza kuifikiria vivyo hivyo: kuna mtu anayetembea vidole vya miguu vikielekea ndani, na kuna anayetembea vikielekea nje. Mwelekeo ukikosewa, uso wa tairi hulika kwa namna ya manyoya: ukipitisha kiganja kutoka upande mmoja unahisi ulaini, na ukikirudisha unahisi makali.

*Mwinamo* ni pembe inayoonekana ukisimama mbele ya gari. Ni kiasi ambacho gurudumu limeacha timazi. Kichwa cha gurudumu kikiegemea nje, gari huonekana kama mtu mwenye matege. Kikiegemea ndani, huwa kinyume chake. Mwinamo uliokosewa hula bega moja la tairi, la nje au la ndani, na bega la pili likabaki zima.

*Mwegamo* ni pembe inayoonekana ukisimama ubavuni mwa gari. Si pembe ya gurudumu lenyewe, bali ya ule mhimili ambao gurudumu hugeukia wakati wa kukata kona. Mhimili huo huegama nyuma upande wa juu. Mfano ulio karibu ni uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo, na ndiyo maana mwendeshaji hodari huweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Mwegamo hauli tairi kwa haraka, lakini ukipungua usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari huyumba kwenye mwendo wa kasi. Ukitofautiana baina ya kushoto na kulia, gari huvuta upande mmoja.

Hapa pana tahadhari ya msamiati. Baadhi ya mafundi huiita pembe ya mwinamo kwa neno la Kiingereza lililosanifiwa kienyeji kuwa *kamba*. Neno hilo linagongana na kamba ya kufungia mizigo, na mgongano unazidi kwa kuwa gereji nyingi hupima mwelekeo kwa kamba halisi. Anayesikia "pima kamba" na anayesikia "pima kwa kamba" wanaweza kufanya kazi mbili tofauti kabisa. Mwinamo haumchanganyi mtu.

Kazi ya leza, na maana ya dakika

Katika upimaji wa leza, gari husimamishwa mahali palipo sawa kwa pimamaji, upepo wa tairi zote ukiwa umejazwa kwa kiwango chake. Vishikio hufungwa kwenye ringi, na kila kishikio hubeba kifaa kinachotoa mwali au ubao wenye mistari ya vipimo. Mwali hutoka kwenye gurudumu moja ukaangukia ubao wa jingine, na mahali unapoangukia huonyesha pembe. Kabla ya kusoma, fundi huzungusha gurudumu ili ajue kama ringi au kishikio kimekaa upogo, asije akadhani kosa la kishikio ni kosa la gari. Sahani zinazozunguka huwekwa chini ya magurudumu ya mbele ili yageuke bila kuburuta sakafu, na kwa kugeuza usukani kushoto na kulia fundi hupata kipimo cha mwegamo.

Mashine nyingi za sasa zinazoitwa "za leza" kwa kweli hutumia kamera zinazosoma mbao zilizofungwa kwenye magurudumu. Matumizi ya neno yametangulia mabadiliko ya kifaa, kama ilivyo kwa maneno mengi ya ufundi. Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine zote hizo hupima tu. Mwali wa leza haugeuzi nati hata moja.

Pembe husomwa kwa digrii na kwa *dakika*. Digrii moja ina dakika 60. Dakika hii si ya saa, ingawa neno ni lilelile, na shina lake la Kiarabu lina maana ya kitu kidogo na chembamba. Tuone udogo wake. Kwenye ringi ya inchi 16, digrii moja ya mwelekeo huleta tofauti ya takriban milimita 7 baina ya ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa ringi. Dakika moja ni takriban milimita 0.12, yaani unene wa karatasi ya kuandikia au zaidi kidogo.

Je, udogo huo una maana yoyote kwa dereva? Fikiri gurudumu lililokosa mwelekeo kwa nusu digrii tu, yaani milimita 3.5 kwenye ringi. Kila linapokwenda mbele mita 1,000, hulazimika kusukumwa kando takriban mita 8.7. Katika safari ya kilomita 100, jumla ya kusukumwa huko ni takriban mita 870. Ni kana kwamba tairi liliburutwa ubavu kwa karibu kilomita nzima, na mpira wake ndio uliolipa. Jicho haliwezi kuiona nusu digrii. Tairi huihisi kila mita.

Magari ya mashindano

Magari ya mashindano ndiyo yaliyofanya dakika ziwe jambo la kila siku. Katika mbio za uwanja wa lami, mafundi huinamisha magurudumu ndani kwa makusudi, ili gari linapolala kwenye kona uso mzima wa tairi la nje ukae barabarani. Mara nyingi huyapa magurudumu ya mbele mwelekeo wa kuachana kidogo ili gari liwe jepesi kuingia konani, na ya nyuma mwelekeo wa kuangaliana ili litulie. Gari hupimwa likiwa na uzito wa dereva na kiasi cha mafuta kinachotarajiwa, kwa kuwa gari likishuka kidogo kwenye springi zake, pembe zote hubadilika. Tairi hulika haraka zaidi, lakini timu inanunua sekunde, si maisha marefu ya tairi.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo PV544 pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarejea mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya.

Safari haijawahi kuwa mbio za uwanja wa lami. Mawe, mchanga na mashimo hupindisha mikono ya gurudumu, na katika mashindano ya sasa ya ubingwa wa dunia mafundi wa timu hupewa muda maalumu tu wa kulishughulikia gari kituoni. Nje ya kituo, dereva na msaidizi wake hutengeneza wenyewe kwa vifaa walivyobeba. Somo lao ni lilelile la vitenzi vinne: kilichopinda hunyooshwa au hubadilishwa kwanza, ndipo pembe hupimwa. Hakuna timu inayopoteza muda kupima kwa dakika mkono uliopinda.

Gari la Rhotia na ekseli yake

Magari mengi ya watalii yanayopita Rhotia ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, na zipo pia Land Rover Defender. Magari haya mbele yana ekseli moja nzima iliyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Muundo huo una matokeo muhimu kwa maana ya neno alaimenti.

Kwanza, kwenye ekseli nzima kinachorekebishwa kwa spana ni mwelekeo peke yake. Fundi hulegeza vibano vya bomba la tairodi na kulizungusha bomba. Kwa kuwa ncha zake mbili zina nyuzi za skrubu zinazopingana, bomba hurefuka au hufupika. Mwinamo umejengwa ndani ya ekseli tangu kiwandani. Leza ikionyesha kwamba mwinamo umeharibika, hakuna nati ya kugeuza: ama beringi imelegea, ama kingipini zimelika, ama ekseli yenyewe imepinda kwa mzigo au kwa kishindo. Dereva anayeambiwa kwamba mwinamo wa gari la namna hii "umerekebishwa" bila kitu chochote kufunguliwa ana haki ya kuuliza umerekebishwa wapi.

Pili, mwegamo hubadilika gari likiinuliwa. Magari ya safari mara nyingi huwekewa springi ndefu au ngumu zaidi ili yasiguse mawe. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipewa springi za mviringo mbele kuanzia mwaka 1999, na ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu. Gari likiinuliwa, mikono hiyo huizungusha ekseli na mwegamo hupungua. Dereva huona usukani umekuwa mwepesi usiorudi, akaomba alaimenti, na fundi akageuza tairodi, ambayo haina uhusiano na mwegamo. Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake limepishwa katikati, au mikono iliyotengenezwa kwa urefu mpya wa gari.

Tatu, upande wa nyuma usisahauliwe. Ekseli ya nyuma ya magari mengi ya kazi hukalia springi za mabapa, na hushikwa mahali pake na boliti ya katikati ya springi. Boliti hiyo ikikatika kwenye njia mbaya, ekseli huteleza nyuma upande mmoja. Gari huanza kwenda *mwendo wa kaa*: bodi inaelekea upande mmoja, gari linakwenda upande mwingine, na dereva hushika usukani upogo ili gari linyooke. Anayepima magurudumu ya mbele peke yake hataliona kosa hili. Upimaji wa leza wa magurudumu yote manne huliona mara moja, kwa kuwa hulinganisha mstari wa ekseli ya nyuma na mstari wa katikati wa gari.

Pikipiki nazo zina alaimenti yake. Mwendesha bodaboda akikaza mnyororo kwa nati za pande mbili za gurudumu la nyuma bila kuangalia alama zilizochongwa kila upande, gurudumu hilo hukaa upogo, na pikipiki huenda mwendo wa kaa kama gari.

Kupima kwa chaki na utepe

Si lazima kila kipimo kingoje mashine. Mwelekeo wa magurudumu ya mbele unaweza kukaguliwa uwanjani, penye ardhi sawa, kwa hatua zifuatazo.

1. Jaza upepo sawa, hakikisha beringi na viungo havijalegea, kisha nyoosha usukani.
2. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ukiweka egemeo madhubuti chini ya ekseli. Paka chaki katikati ya uso wa tairi kuzunguka pote.
3. Zungusha gurudumu huku ukishikilia msumari uliotulia juu ya kipande cha gogo, ili uchore mstari mmoja mwembamba kwenye chaki. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.
4. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma hatua chache ili likae sawa kwenye springi zake.
5. Kwa utepe, pima umbali baina ya mistari miwili upande wa mbele wa magurudumu, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Kisha pima upande wa nyuma, kwa kimo kilekile.

Umbali wa mbele ukiwa mdogo, magurudumu yanaangaliana; ukiwa mkubwa, yanaachana. Linganisha tofauti hiyo na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Njia hii haifiki kwenye dakika, lakini hutambua kosa la milimita kadhaa, na hilo ndilo kosa linalomaliza tairi. Pia humwambia dereva kama kweli anahitaji kulipeleka gari kwenye mashine, Karatu au Arusha, au kama tatizo liko kwingine.

Anayepima kwa uzi ubavuni mwa gari awe mwangalifu. Magari mengi hayana upana sawa mbele na nyuma, hivyo uzi ulioguswa kwenye tairi la nyuma hauwi sambamba na mstari wa katikati wa gari. Ni lazima uzi uwekwe kwa umbali sawa kutoka katikati ya ekseli zote mbili. Na anayetumia leza asiuelekeze mwali kwenye macho.

Namna ya kumwambia fundi

Katika wilaya ya Karatu hukutana Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wamaasai na wageni kutoka kila pembe ya nchi, na Kiswahili ndicho lugha ya gereji. Lugha hiyo inatosha kueleza ugonjwa wa gari bila utata. Msomaji aache kutaja dawa, ataje dalili:

- *Usukani unatetemeka kwenye mwendo fulani tu.* Anza na kusawazisha. Ringi ikiwa imepinda, inyooshwe kwanza. Mtetemo ukibaki kwenye gari lenye ekseli nzima, kagua bushi na beringi.
- *Tairi linalika bega moja.* Ni mwinamo. Kagua beringi na kingipini.
- *Tairi linalika kwa manyoya.* Ni mwelekeo. Hapa alaimenti ndiyo dawa, baada ya viungo kukazwa.
- *Tairi linalika mabega yote mawili.* Upepo umepungua. *Linalika katikati tu:* upepo umezidi. Hakuna alaimenti hapa.
- *Usukani haurudi baada ya kona.* Ni mwegamo, hasa kama gari limeinuliwa.
- *Gari linavuta upande.* Kagua upepo wa tairi na breki kwanza. Kumbuka pia kwamba barabara hujengwa ikiwa imeinama ukingoni ili maji yatoke, na sisi huendesha kushoto. Gari lililo zima huweza kuelekea kushoto kidogo.
- *Usukani umekaa upogo ingawa gari linanyooka.* Pima magurudumu yote manne, uhakiki kama gari haliendi mwendo wa kaa.

Dereva anayesema "bega la ndani la tairi la mbele kushoto linalika" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya upimaji kabla leza haijawashwa, na fundi atajua aanze na spana gani.